Lamara Arindauli Atoka Shimo la Grisi

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Bi. Lamara Arindauli, mkuu wa kitengo cha grisi katika Kituo chetu cha Magari ya Mlimani hapa bondeni Alvani, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Sentensi hiyo nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena. Mkono unakubali, kichwa kinakataa.

Wala si mimi peke yangu. Siku alipotutangazia tulikuwa mezani, adhuhuri, mkate wa moto na jibini la kondoo mbele yetu. Alifuta vidole kimoja kimoja kama kawaida yake, akasema, "Mwezi ujao msinitafute."

"Unakwenda kung'oa lile jino?" akauliza Tamazi, mtunza stoo wetu.

"Nastaafu."

"Haya. Na utarudi lini?"

"Tamazi, mtu akistaafu harudi. Nipe hiyo chumvi."

Tamazi, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, akampa sukari. Lamara akainyunyiza juu ya nyanya, akala, wala hakugundua. Hapo ndipo tulipojua kwamba hata yeye moyo wake haujatulia. Hakuna aliyemaliza chakula siku ile.

Lamara alikuja kituoni akiwa msichana aliyetoka Tbilisi na shahada ya uhandisi wa mitambo, na unyenyekevu hakuja nao. Siku ya kwanza alimwambia mkurugenzi wa wakati huo kwamba gereji yake inanuka kama jiko la msiba. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka ile nchi ilikuwa imevurugika, umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na grisi ilikuwa haipatikani hata ya dawa. Aliposhuka kwenye shimo la mafundi, chini ya magari, alimkuta fundi Luarsab, Mungu amrehemu, akishindilia kitu cheupe kwenye beringi za lori.

"Nini hiki, baba?"

"Mkia wa kondoo, binti yangu. Mafuta yake yanalainisha tumbo, yatashindwaje kulainisha gurudumu?"

Lori likapanda mlimani na mkia wake wa kondoo. Kufika kwenye malisho ya juu, mbwa wa wachungaji, wale wakubwa wanaopigana na mbwa mwitu, wakanusa. Waliliandama lori kutoka zizi hadi zizi, na kila liliposimama walilamba magurudumu. Dereva alishinda ndani mchana kutwa, hathubutu hata kufungua kioo. Lamara aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda basi kwenda Tbilisi, akarudi na pipa zima la grisi ya kweli. Alilipataje, mpaka leo hasemi.

Ndiye aliyetufundisha sisi madereva kwamba grisi si uchafu mweusi wa kupaka tu. Grisi, alikuwa akituambia, ni mafuta yaliyoshikwa. Kuna kitu kinachoyashika yasikimbie, mara nyingi ni sabuni ya namna fulani, na kila aina ya grisi ina kishikio chake. Ile ya njano tuliyoitumia miaka mingi, tuliyoiita siagi, ilikuwa haiogopi maji hata kidogo. Vuka mto asubuhi, vuka tena jioni, bado utaikuta mahali pake. Ila joto iliogopa. Na barabara yetu ya mlimani mnaijua: ukishaanza kuteremka kutoka kileleni mguu hautoki kwenye breki, magurudumu yanapata moto, na siagi inachuruzika nje kama siagi ya kikaangoni. Tulikuwa tunafika bondeni beringi zimekauka, zinalia.

Kwa hiyo aliamua kutafuta nyingine. Majira ya baridi, barabara inapofungwa kwa theluji na sisi wengine tunacheza karata, yeye alikuwa nyumbani akijaribu grisi moja baada ya nyingine, hizi kwenye friji aone kama zitaganda, hizi kwenye oveni aone kama zitayeyuka. Aliyoipenda mwishowe ilikuwa nyekundu, iliyoshikwa kwa udongo laini badala ya sabuni. Joto haikulijali. Aliiacha kwenye friji ndani ya kikopo, akatoka. Mumewe Elizbar, mwalimu wa muziki, akarudi na njaa, akaona kitu chekundu kikoponi, akadhani ni mchuzi wa plamu. Akapakaza juu ya viazi.

Lamara alipoingia alimkuta mumewe ametoa macho, hawezi kumeza, hawezi kutema.

"Umekula?"

Elizbar akaitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa laini au ngumu?"

Elizbar alipona. Husimulia kisa hicho mwenyewe kila karamu, na kila mara husema kwamba swali lile lilimtisha kuliko grisi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mgeni hawezi kuliamini. Mwanamke huyu aliyetia grisi kila gari lililopanda mlima ule, mwenyewe hapandi gari kwenda kule. Kona ya pili tu, tumbo linamgeuka. Kijijini kwa wazee wake alikuwa akienda kwa miguu na kondoo wa mjomba wake, na akifika hufika amenyauka kwa jua lakini akiimba. Tulimtania sana. "Dada Lamara, tukuwekee ndoo ya grisi au ndoo ya kutapikia?"

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliiruka kweli, nikamsifu mwanzo mwisho. Nilipompa aisome, alinirudishia.

"Nugzar, hapa umeandika habari za mtu mwingine," akaniambia. "Weka habari za Mikate."

Mikate ni yale magari yetu ya zamani ya kubeba abiria, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye umbo la mkate wa boflo. Ilikuwa mwaka wa kuhamia grisi nyekundu. Tulianza na malori, masika, na Lamara alihakikisha kazi inafanywa inavyotakiwa. Kubadilisha grisi si kuweka mpya juu ya kuukuu. Unang'oa gurudumu, unatoa beringi, unafuta ya zamani yote, unaosha kwa petroli, unakausha, ndipo unashindilia mpya kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Kazi inachosha, inakwenda polepole. Lakini malori yalianza kushuka mlimani makavu, bila tone, na madereva wakawa wanatembea kifua mbele.

Mikate ilikuwa bado, na sikukuu ya kiangazi imefika, ile ambayo kila mtu wa bondeni mwenye kaburi la babu yake kule juu lazima apande. Badri, mkuu wetu wa madereva, akamfuata Lamara uani.

"Dada, watu wanapanda wiki hii. Ukiifungua Mikate yote tutawabeba mgongoni?"

"Nipe wiki mbili."

"Sikukuu ikungoje wewe?" akadakia Mkurugenzi Jemal, aliyekuwa akipita. "Weka nyekundu juu ya njano, yaishe. Grisi ni grisi."

"Grisi si grisi, Jemal."

"Basi ijaribu hukohuko jikoni kwako unakojaribia kila kitu!"

Akaijaribu. Alichanganya mbili hizo ndani ya chupa ya mdomo mpana, akaiweka ndani ya oveni, akaitoa. Ilikuwa nzito vilevile. Kesho yake akasimama mlangoni pa gereji akasema, "Inashika. Jazeni juu yake, tutasafisha sikukuu ikiisha." Hakuna aliyempinga. Yeye ndiye mkuu wa grisi, na neno lilikuwa lake.

Mikate kadhaa ikapanda na watu, ikaegeshwa kule juu kusubiri kuwashusha. Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, Badri naye akaondoka na Mkate wake umejaa: bibi mmoja mwenye sinia la keki magotini, mpiga kinanda cha kuning'iniza kifuani, akina mama na vitoto, na miongoni mwao Maiko, binti yake Badri mwenyewe, aliyekuwa mjamzito. Mimi nilikuwa nimetoka kupeleka chumvi ya mifugo kwenye zizi la karibu kwa Mkate mwingine. Niliegesha, nikashuka, nikaona uzi wa rangi ya chungwa unachuruzika ndani ya rimu. Nikamwita Lamara.

Aligusa kwa kidole. Akasugua kidole na gumba. Nilimwona uso ukimbadilika, ukawa mweupe kama unga.

"Imekuwa maji," akasema.

"Maji ya wapi? Mto sikuvuka."

"Nugzar, grisi imekuwa maji! Nyekundu na njano zimekataana, zimeachia mafuta yote. Nani yuko barabarani?"

"Badri."

"Ameondoka lini?"

"Muda. Yuko na Maiko."

Sijawahi kuona mtu wa umri wake akikimbia vile. Aliingia stoo, akatoka na ndoo ya grisi nyekundu kwenye mkono mmoja na kisanduku cha beringi mpya kwenye mwingine, Tamazi nyuma yake akipiga kelele kwamba hajasaini. Akafungua mlango wa gari dogo la doria, ambalo beringi zake zilikuwa zimesafishwa kama za malori, akakaa. Gereji nzima ilisimama. Lamara amepanda gari.

"Unangoja nini?" akanifokea. "Endesha!"

Redio yetu haifiki ndani ya korongo, na simu kule ni pambo la mfukoni. Ilibidi tumfuate. Kona ya pili alitoa kichwa dirishani akatapika. Ya tatu vilevile. Nikapunguza mwendo.

"Ukipunguza tena nakushusha naendesha mwenyewe," akasema, akifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Hujui kuendesha, dada."

"Ndiyo maana usinilazimishe!"

Nikakanyaga mafuta. Upande wangu kulikuwa na ukuta wa mwamba. Upande wake hakukuwa na kitu, hewa tu, na chini kabisa mto mwembamba kama kamba ya kiatu. Kila kona niliyokata nilikuwa nakodolea macho huko chini, nikitafuta rangi ya kijani ya Mkate wa Badri, nikiomba nisiione.

Tulimkuta kwenye chemchemi iliyo karibu na kilele, mahali madereva wanapopoza injini. Mungu ni mkubwa: walikuwa wamesimama kula. Mpiga kinanda anapiga, watoto wanarukaruka, bibi anagawa keki. Badri alipomwona Lamara akishuka garini, uso wa kijani kama nyasi, kipande cha mkate kilimdondoka.

"Wewe? Huku? Nani amekufa?"

"Bado hakuna. Watu wasirudi garini."

"Una wazimu? Kilele kile pale, baada ya hapo ni kuteremka tu!"

"Hukohuko kwenye kuteremka ndiko ninakokuogopea."

Alichota maji kwa kiganja akayarusha kwenye kikombe cha chuma cha katikati ya gurudumu la mbele la kushoto. Yakachemka, yakaruka kama mafuta ya maandazi. Badri akasema mlima ule huchemsha kila kitu, hata wakwe. Watu wakacheka. Lamara akaweka jeki. Gurudumu liliponyanyuka, akalishika juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa.

Likacheza. Likacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo. Badri alikwenda mwenyewe akalishika, akalitikisa, akaliachia kana kwamba limemuuma. Tukalifungua. Supu ya rangi ya karoti ikamwagika mchangani, na ndani yake vipande vya beringi, kimoja kimoja, vimeungua rangi ya buluu. Lamara alivikinga kwa viganja viwili. Mbele yetu, baada ya kilele, kulikuwa na mteremko ambao mnaujua, ule usio na ukingo.

Badri akamtazama binti yake. Maiko alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono mmoja tumboni, keki mkononi mwa pili, hajaelewa.

"Nani aliweka grisi hii?" Badri akauliza kwa sauti ndogo mno.

Nilidhani Lamara atamtaja Jemal. Angeweza. Sisi sote tulisikia uani.

"Mimi niliamuru," akasema. "Niliijaribu kwenye oveni. Oveni haizunguki, Badri. Gurudumu linazunguka. Nilikosea."

Badri hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikwenda upande wa pili wa barabara akatupa mgongo, akasimama hapo akiangalia mabonde. Bibi mwenye keki akaweka sinia chini. Akamsogelea Lamara, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu hilo." Kisha akampa kipande cha keki. Lamara alikishika mpaka tulipoondoka, hakukila, hakukitupa.

Lori lilipita, likawachukua abiria wote. Nami nikadhani yameisha. Nikageuza gari kuelekea nyumbani.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kukurudisha. Umeshatapika vya kutosha."

"Na Mikate iliyoko juu? Itashuka na nani ndani?"

Mtanisamehe, nilikuwa nimeisahau. Hofu ilikuwa imenisomba akili. Tukavuka kilele, tukateremka upande wa pili, yeye kichwa dirishani, mpaka kijijini ambako mkesha wa sikukuu ulikuwa umeshaanza. Wanaume walikuwa juu, upande wa madhabahu, pamoja na bia iliyobarikiwa na nyama. Mkurugenzi Jemal alikuwa mmoja wa wenyeji wa sikukuu, amevaa joho la heshima na jambia kiunoni. Kule wanawake hawafiki, na Lamara hakuvuka mpaka. Alisimama pale wanawake wanapoishia, akaita kwa sauti ambayo nadhani hata kondoo wa ng'ambo waliinua vichwa.

"Madereva wa Alvani! Mikate yote isitoke hapa! Grisi imeharibika kwenye magurudumu, na kosa ni langu!"

Pembe za kunywea zikabaki hewani. Msimamizi wa karamu alikuwa katikati ya hotuba ya kuwaombea wasafiri. Akakwama hapo hapo. Jemal akashuka mbio, joho linapepea.

"Unaniaibisha mbele ya watu wa mlima mzima!" akamnong'oneza kwa hasira.

"Ningekuaibisha zaidi mazikoni, Jemal. Nipe petroli."

Sikukuu ile haikufanana na nyingine yoyote. Mikate ilipangwa kwenye nyasi, magurudumu yakang'olewa, petroli ikatolewa kwenye jenereta na misumeno ya injini ya kukatia miti. Wanaume waliovalia majoho ya babu zao walichuchumaa wakifuta beringi kwa vitambaa vya karamu. Mjomba mmoja aliyelewa akaleta chupa ya pombe kali ya zabibu ili nayo ioshee.

"Hiyo haiyeyushi grisi," Lamara akamwambia. "Inayeyusha madereva tu. Irudishe."

Tulifanya kazi mpaka jua lilipozama, na kesho yake tena. Katika mmoja wa Mikate ile tulikuta beringi imeshapasuka, ila vipande havijaachana bado. Aliyekuwa ashuke nao alikuwa kijana aliyeoa majira yale, na mkewe. Aliishika beringi ile mkononi akaigeuzageuza, kisha akaenda nyuma ya gari. Tulimsikia akilia. Tulimwacha.

Watu wote walishuka salama. Ningependa kuandika kwamba tulimshukuru Lamara. Hatukumshukuru. Tulikuwa na bumbuwazi, na wengine wetu tulikuwa na hasira, kwa sababu ni yeye tuliyemwamini. Maiko alijifungua mtoto wa kiume mwezi uliofuata, na Lamara hakwenda kumtazama. Aliniambia hakujua atashikaje mlango ule.

Jemal alimsimamisha kazi. Akamleta mtu mwingine, muungwana, ila hakuwa na muda wa kutusikiliza. Wiki ya kwanza tu madereva tuliitana, tukaenda ofisini. Aliyeanza ni Badri, ambaye hatukumtarajia kabisa.

"Sitaki kuiona sura yake," akamwambia Jemal. "Lakini mwingine akikosea atanyamaza nife. Huyu alikuja mpaka kileleni akitapika ili aniambie. Bila yeye siendeshi."

Jemal akafunga mlango wa ofisi. Akasema alikuwepo uani siku ile, na kwamba yeye ndiye aliyesema grisi ni grisi. Kwa mdomo wake mwenyewe. Nusura tuanguke. Lamara akarudi kazini kabla theluji haijafunga barabara.

Tangu hapo hakuna grisi mbili zilizokutana ndani ya gurudumu la kituo hiki. Gari likihamishwa, kikombe cha gurudumu kinapakwa rangi nyekundu, na fundi haruhusiwi kukipaka mpaka mwenzake aone beringi ni kavu na safi. Grisi mpya haijaribiwi tena jikoni kwa mtu. Inajaribiwa kwenye gari tupu, lenye mawe badala ya abiria, mpaka msimu uishe. Na dereva akiteremka mlima hashuki akaenda chai. Anazunguka gari, anaweka mkono karibu na kila gurudumu. Siku hizi nawaona hata madereva wa watu binafsi kule sokoni wakifanya hivyo, na ukiwauliza wamejifunzia wapi, hawajui.

Ijumaa iliyopita tulikutana ukumbini kujua nani atashika nafasi yake. Kila mtu alidhani atakuwa Salome, mhandisi wetu kijana, ambaye mwenyewe alishasema hataki, ana mpango wa kusoma zaidi. Lamara akasimama.

"Namwachia Badri," akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia Badri. Mjue kwamba toka siku ile ya chemchemi, Badri hakuwahi kumwita Lamara kwa jina lake. Walisalimiana, walifanya kazi, lakini jina lilikuwa limekufa mdomoni mwake. Akasimama, kofia mkononi.

"Mimi ni dereva."

"Magoti yako yanasemaje?"

"Yanasema nipumzike," Badri akakiri. "Lakini kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kila gari ninalolitia grisi, nikishageuka tu wewe unalifungua kuhakikisha. Miaka yote hii. Ulidhani sioni?"

Badri akaiva masikio. Sisi wengine hatukuwa na habari. Tuliangaliana kama watu walioamshwa ghafla.

"Mtu anayeniamini siwezi kumwachia shimo lile," Lamara akaendelea. "Ataamini na grisi. Wewe utafungua uone. Sasa kubali, nimechoka kusimama."

Badri alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Sawa, Lamara," akasema.

Elizbar, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, alitoa kitambaa. Tamazi alitoka nje, akisema anakwenda kufunga stoo, na stoo ilikuwa imefungwa tangu mchana.

Bi. Lamara, tunakushukuru kwa niaba ya watu wengi walioshuka mlima wetu wakiwa wazima bila kulijua jina lako. Tunakushukuru kwa ukali wako, kwa kicheko chako, na kwa safari ile moja ya garini. Lala mpaka utakapotosheka, kula kwa utulivu, panda kijijini kwenu kwa miguu na mjukuu upande mmoja, Elizbar upande wa pili. Maisha yako ya mbele yawe mema, marefu na mepesi. Sisi tutazoea. Leo bado.

Nugzar Khutidze, kwa niaba ya madereva na mafundi wa Kituo